Sahani Isiyorudi Tupu

Kwako mwanangu Athumani,

Nakuandikia na wewe bado u hapa Amu. Umetoka baada ya adhuhuri kwenda mtaa wa Langoni kuagana na shangazi yako, na kwa ninavyomjua dada yangu hatakuachilia mpaka umekula mara mbili na yeye amelia mara tatu. Basi nina alasiri nzima. Barua hii nitaiweka ndani ya kasha lako, chini ya kanzu, uikute ukishateremka bandarini Mtangawanda na kufika kwa wenyeji wako. Usiniulize kwa nini sikuyasema kwa mdomo wakati tulipokuwa tukila. Mtu aliyekaa barazani karibu miaka thelathini akiwaambia wenzake la kufanya, siku akiwa na swali la kuuliza ulimi humwia mzito.

Mambo ya safari sikuandikii. Dawa ya tumbo, nani wa kusalimiwa kwanza, kanzu ipi ya Ijumaa, yote hayo shangazi yako anakumiminia sasa hivi, na ukiyasahau atakutumia salamu kwa kila mashua mpaka uyakumbuke. Mimi nataka kukwambia nilivyokosea. Sijamsimulia mtu ila marehemu mama yako, na yeye hakuhitaji kusimuliwa, maana alikuwepo akinitazama.

Unakwenda Pate kufanya kazi yangu. Bwana Omari wa Siyu, huko huko Pate, aliandika kwamba watu wa kule wana mashamba na nyumba za urithi, sasa serikali yataka kila mwenye ardhi alete dai lake kwa maandishi, na hawana mtu wa kuwashauri wauze nini na washike nini. Alinitaka mimi. Nikamjibu kwamba magoti yangu yamekwisha, lakini nina kijana aliyeketi nami mkeka mmoja miaka sita. Kisha nikakwambia na wewe. Ukanijibu, "Inshallah, baba." Nikafurahi sana, nikatoka kwenda msikitini nikimsalimu kila mtu, hata wale nisiowapenda.

Ni hiyo "Inshallah, baba" iliyonikalisha hapa na kalamu.

Unamkumbuka Bi Mwanaesha? Nyumba yake ni ile ya pili baada ya msikiti, yenye daka refu la kuketi mbele ya mlango, ambayo sasa mlango wake umefungwa kwa kufuli na popo ndio wapangaji. Alikuwa mjane, hakujaaliwa mtoto. Nyumba aliipata kwa mama yake, kama ilivyo desturi ya mtaa wetu wa Mkomani, na mumewe alimwachia shamba la minazi huko Hidabu. Watumwa walipopewa uhuru wao waliondoka wakaenda zao, na nani angewalaumu. Lakini mashamba yalibaki hayana wa kukwea. Wenye mashamba wakaanza kuja kwetu barazani mmoja mmoja, kila mtu na uso wake mrefu.

Kwa Bi Mwanaesha hakuja yeye. Mwanamke wa heshima wa Mkomani haji kuketi barazani na wanaume, unajua. Alikuja ndugu yake, Bwana Shee, mtu wa maneno laini na kilemba safi. Akaniambia dada yake ana shamba, mavuno yanapungua, afanyeje? Nikamuuliza minazi ni mingapi. Nikamuuliza wakwezi wanataka ujira gani, nikamuuliza bei ya nazi kavu pwani. Nikafikiri siku mbili. Kisha nikampa shauri: auze shamba, anunue ghala moja karibu na forodha, awapangishe wafanyabiashara. Ghala halikwewi, nikasema, wala haliliwi na mende wa minazi. Watu waliokuwa barazani wakacheka, wakasema, "Bwana, una akili." Nami nikaamini kwamba ninazo.

Nataka ujue hivi, mwanangu: lile shauri halikuwa baya. Ukiniletea leo mambo yale yale, kama Bwana Shee alivyonieleza, nitasema vile vile. Hilo ndilo linalonitisha mpaka sasa.

Ghala likanunuliwa. Mpangaji akapatikana. Ikaja Idi, nasi tukapeleka sahani ya halua kwa Bi Mwanaesha, kama tulivyokuwa tukipeleka kwa kila nyumba niliyoishauri. Ni sahani ile nyeupe yenye mstari wa buluu ukingoni. Siku ya pili yake ikarudi imejaa visheti mpaka vikamwagika, imeletwa na Mama Rehema, yule mama aliyekuwa mtumwa wao na akabaki kwa hiari yake. Nikala visheti viwili nimesimama. Nikamwambia mama yako, "Unaona? Bi Mwanaesha ameridhika."

Mama yako hakuinua hata uso. "Umemuuliza?"

"Ameleta visheti."

"Sikukuuliza visheti, Bwana. Nalikuuliza, umemuuliza mwenyewe? Hata mimi, wallahi, niwe na ndaa ya siku tatu, sahani ya mtu siirudishi tupu. Ndiyo ndia yetu."

Nikamwambia asinichanganyie maneno ya jikoni na kazi ya barazani. Ndiyo, nilisema hivyo. Ukisoma hapa ukanuna, una haki.

Na kwa kweli nilikuwa nimejijengea mizani yangu ya visheti. Sahani zilirudi kutoka nyumba kumi na kitu kila Idi, nami nilizitazama kama mwalimu anavyotazama mbao za wanafunzi. Hii imejaa, basi nilishauri vizuri. Hii ina kaimati tano tu, basi huyu ana kinyongo kidogo, atapoa. Sikumuuliza hata mmoja. Kuuliza kulikuwa kama kuomba sifa, nilijidanganya hivyo. Ukweli ni kwamba niliogopa. Aliyeshika sahani iliyojaa hataki kujua imejazwa na nini.

Mtu mmoja tu alinijia kwa miguu yake kunambia kwamba nimemharibia. Bwana Kombo, yule mshona kofia. Nilimshauri apangishe vyumba vyake vya mbele kwa mgeni mwenye duka, na mgeni yule akawa na watoto saba na majogoo wawili. Bwana Kombo alisimama mbele ya baraza, watu wote wapo, akasema, "Bwana, shauri lako limenitoa ndani ya nyumba yangu. Usiku silali, mtana sishoni." Nilikasirika! Mwaka mzima nikimwona anakuja uchochoro huu nageukia uchochoro ule, na Mkomani ilivyo nyembamba nilikuwa nafanya kazi kubwa kumkwepa. Leo ndiye rafiki pekee anayekuja kuketi nami bila ya kuwa na jambo la kuulizwa. Nilichelewa kufahamu kwamba yule aliyenijia kunilalamikia ndiye aliyedhani naweza kutengeneza. Wengine walinyamaza kwa sababu walishanikatia tamaa, kwa adabu.

Idi saba sahani ilikwenda na kurudi kwa Bi Mwanaesha. Ya saba ilipokuja, mama yako aliona mkono wa Mama Rehema umeungua. Akamkalisha, akampaka asali, akamuuliza imekuwaje. Bibi wa watu akachoka kuficha.

"Twapika kwa pupa, kuni zenyewe si zetu. Unga twakopa kwa jirani, sukari twakopa kwa jirani. Zote zimeingia sahanini, hakubakia hata kimoya. Bi Mwanaesha yeo tangu asubuhi ana tende mbili tu ndani ya sufuria, wala hakuzila, asema ni zangu mimi."

Nilikuwa upande wa pili wa pazia na kisheti mdomoni. Sikuweza kukimeza wala kukitema.

Basi nikafanya nililodhani ni la kiungwana. Nikavaa joho, nikaenda mwenyewe. Nikaketi kwenye daka lake, Bwana Shee akaketi kando yangu akinipepea kwa adabu, na Bi Mwanaesha akaja nyuma ya pazia. Nikauliza kwa sauti kubwa, "Bi Mwanaesha, lile shauri langu limekufaa?"

Sauti yake ikatoka nyembamba, nzuri. "Alhamdulillahi, Bwana. Mungu akuweke."

Nikarudi nyumbani kifua mbele. Nimeuliza, na nimejibiwa! Mama yako alinisikiliza mpaka mwisho, akanitazama kama alivyokuwa akikutazama wewe ulipokuwa ukirudi chuoni na wino puani.

"Ulimuuliza na Bwana Shee yupo papo hapo?"

"Alikuwepo, ndiyo. Ni nduguye."

"Na kodi ya ghala, nani huipokea?"

Nikavua joho, nikaanza kulikunja.

"Sasa ulitaka aseme nini? 'Ndugu yangu hanipi'? Mbele yake? Mwanamke wa Mkomani?" Akavuta pumzi. "Wewe kaa. Nitakwenda mimi."

Akaenda. Siku ya kwanza, alinieleza, walizungumza harusi za watu. Siku ya pili alimkuta Bi Mwanaesha anapepeta mtele, naye akavuta ungo wa pili, wakapepeta bila ya neno. Siku ya tatu ndipo akauliza, wala hakuuliza kama shauri lilimfaa. Aliuliza, "Tangu shamba liuzwe, nini kimebadilika humu ndani?" Kisha akanyamaza. Aliniambia kunyamaza huko ndiko kuliko kugumu, kwa sababu mtu hutamani kumsaidia mwenzake kujibu.

Bi Mwanaesha alisema kwamba zamani nazi zilikuja kwa punda mpaka uani kwake. Yeye na Mama Rehema walikuna, wakachemsha, wakatoa mafuta. Mama Rehema akayazungusha nyumba kwa nyumba, mafuta ya nywele na ya taa. Fedha yake ilikuwa ndogo lakini ilikaa chini ya mto wake yeye. Hakuna mwanamume aliyejua ni kiasi gani. Akitaka kumpa maskini, anampa. Akitaka kanga, ananunua. Sasa kodi yaenda kwa ndugu yake, na ndugu yake humpa anavyoona, na mara nyingi haoni.

"Bwana aliuliza minazi mingapi," alimwambia mama yako. "Hakuuliza nazi zenda wapi."

Mama yako aliporudi alinirudia maneno hayo bila ya kuongeza chumvi, akaenda kukoka moto. Niliketi hapa hapa ninapoketi sasa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nimewaambia watu msemo huo mara mia, na siku zote nilidhani kitanda ni cha mtu mwingine.

Ungedhani nimejifunza. Sikiliza nilivyofanya kesho yake. Nilikwenda barazani nikamkuta Bwana Shee katikati ya watu, nikamwambia, watu wanasikia, kwamba kodi ya dada yake si yake, na kwamba dada yake analala na njaa ilhali yeye anabadilisha vilemba. Nilisema kwa ufasaha sana. Watu waliinama. Yeye akaondoka bila ya kuaga. Nami nikaja kumsimulia mama yako, nikingoja aseme nimefanya vyema.

Mama yako alilia. Ndiyo mara ya kwanza nimwone akilia kwa ajili ya kazi yangu. "Alinambia mimi, ndani, chumbani," alisema. "Ulimuuliza kama ataka litoke nje?"

Sikumuuliza. Nilichukua neno la mtu aliyelitoa kwa shida nikalitangaza uchochoroni, kwa sababu lilinipa nafasi ya kuwa mtu mwema. Bwana Shee hakukanyaga tena nyumba ya dada yake. Kodi ikaja yote, kweli, ikiletwa na mpangaji mwenyewe, lakini Idi iliyofuata hakuna ndugu aliyempigia hodi. Haikupita miezi miwili akafunga nyumba, yeye na Mama Rehema, wakaenda kwa jamaa za mama yake huko Siyu.

Asubuhi ya kuondoka mama yako alikwenda kumuaga. Mimi nilisimama nje, kwenye daka, sikuthubutu kuketi. Mama Rehema akatoka na sahani yetu. Ile nyeupe. Ilikuwa imebaki kwao tangu Idi. Akanikabidhi kwa mikono miwili, ameinamisha macho. Ilikuwa imeoshwa, imefutwa, inang'aa, na haina kitu. Hata tende moja.

Mtu asiye wa hapa hatajua. Wewe unajua. Katika Mkomani nzima sijasikia sahani iliyorudishwa tupu, hata mwaka wa njaa, hata kati ya majirani walionuniana. Nilitembea nayo mpaka nyumbani nikiificha ndani ya joho. Mama yako alipoiona alisema polepole, "Sasa amekujibu."

Kwa miaka minne alikuwa akinijazia uongo kwa heshima, na siku hiyo akanipa kweli. Nimepewa zawadi nyingi katika kazi hii, na hiyo ndiyo ninayoiamini.

Kuanzia hapo kazi yetu tulifanya wawili, ingawa watu walimwona mmoja. Mimi nilitoa shauri barazani. Mama yako, baada ya mavuno mawili kupita, alijifunika akaenda ndani kuuliza kimebadilika nini. Alikuja na majibu, na nusu yake yalikuwa machungu. Mwanzoni nilijitetea. Nilisema hawakufahamu, hawakufuata, walichelewa. Yeye aliniambia neno moja, "Nyamaa," na siku nyingine hata hilo hakulisema, alininyooshea kidole tu. Polepole nikajifunza kusikiliza bila ya kutafuta kosa la msemaji. Sikuwa hodari. Mpaka leo moyo hunidunda mtu akiniambia, "Bwana, lile shauri..." akakatiza hapo. Watu husema kwamba nimepata hekima uzeeni. Hekima ile ilikuwa ikivaa viatu na kutoka mlango wa nyuma, na wewe ulikuwa ukiiita mama.

Yeye ndiye aliyejua kwamba Mzee fulani hawezi kusema kweli mbele ya wanawe, lakini ukimfuata kisimani atasema. Alijua nani akisema "si haba" maana yake ni njaa. Sasa niko peke yangu na mambo ya nje tu, kama mtu anayeijua nyumba kwa mlango wake. Nyumba njema si mlango, na nani atanifungulia?

Alipokuwa kitandani, siku zile za mwisho, wewe ulikuwa umekwenda kumletea maji ya mkunde ya dawa. Akaniita. Sauti ilikuwa imebaki ya kunong'ona.

"Umewauliza wote sasa," alisema. "Na Athumani je?"

"Athumani? Athumani hajalalamika."

Akanitazama. Kisha, mwanangu, akacheka, akacheka mpaka akakohoa nikamshika mabega. "Kwani amekuletea visheti?"

Nilimwahidi kwamba nitakuuliza. Huu ni mwaka wa tatu. Tumekula pamoja kila siku, tumesali bega kwa bega, tumekaa mkeka mmoja tangu asubuhi mpaka magharibi, na sikukuuliza. Kila nilipojaribu nilikutazama ukinisikiliza kwa ile heshima yako, nikajua utasema nini.

Basi nikuulize kwa wino. Mwaka ule ule sahani iliporudi tupu, miezi michache tu baadaye, ndio mwaka niliokutoa kwa Fundi Bakari. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulikuwa umemaliza kuchonga ukingo wa mlango wa kwanza uliopewa peke yako, ule wenye maua na mnyororo, na Fundi Bakari alikuja mpaka hapa kunambia kwamba mkono wako una kitu. Nami nilifikiri siku mbili, kama kawaida yangu. Nikakwambia hakuna tena anayejenga nyumba za mawe, nani atanunua milango, njoo uketi nami ujifunze kazi yenye mwisho mwema. Nikachukua patasi yako, nikasema naiweka isipotee. Nikaiweka kwenye kidaka, nyuma ya sahani ile. Vitu viwili vimekaa pamoja ukutani miaka sita, nami niliviona kila siku, na bado sikuona.

Ulisema, "Inshallah, baba."

Lile shauri nalo halikuwa baya. Milango hainunuliwi. Nilihesabu minazi vizuri.

Ijumaa iliyopita, tukitoka msikitini, nilikuwa nyuma yako hatua kumi. Ulipita mbele ya karakana ya Fundi Bakari, kulikuwa na ubao umeegemezwa nje, haujamalizika. Ulisimama. Kidole chako kikaingia kwenye mfereji wa ua, kikaufuata mpaka mwisho, kikarudi. Kisha ukageuka ukaniona, ukautoa mkono haraka na kuuficha ndani ya kanzu, kama mwizi. Mwanangu anaificha mikono yake mbele yangu. Nilikuuliza, "Twende?" Ukasema, "Twende, baba." Nimeumia kuliko siku ya sahani.

Sijui kama unakwenda Pate kwa sababu unataka kazi hii, au kwa sababu ni mahali ambapo mimi sipo. Yote mawili nayaweza. Nisiloliweza ni kutojua, nikakaa hapa nikijiambia kwamba umeridhika kwa kuwa salamu zako ni nzuri. Kesho maji yakijaa utaondoka. Mimi nitarudi kwenye nyumba yenye vyumba vitatu na mtu mmoja. Nitapika wali wa mtu mmoja, na sijui kipimo chake. Tangu nizaliwe sijawahi kupika wala kupikiwa peke yangu. Bwana Kombo ameahidi kuja, lakini Bwana Kombo ana mkewe na hulala mapema. Nayasema haya si kukurudisha. Ukirudi kwa kunihurumia utakuwa umeniletea sahani nyingine.

Bi Mwanaesha yuko Siyu, nasikia bado ana afya. Sikutumi kwake. Nikikutuma nitakuwa nimemfikia kwa mdomo wa mtu mwingine kwa mara nyingine. Magoti yakinipa nafasi nitakuja mwenyewe, nitamuuliza kama anataka kuniona, na akikataa nitarudi.

Na hao watu wa Pate, ukiwashauri, wewe si mimi, utapata ndia yako. Nakuomba tu usiamini unachotiliwa sahanini.

Sasa swali langu, na nimelikopa kwa mama yako. Nilipokutoa kwa Fundi Bakari, nini kilibadilika ndani yako?

Ndani ya kasha, chini kabisa, utapapasa kitu kigumu kimefungwa kwenye kikoi cha zamani. Ni ile sahani. Ukiweza kuandika jibu, andika, lolote liwalo, nami sitajitetea. Ukishindwa, kwa maana umelelewa vizuri mno na mimi ndiye niliyekulea, basi mpe sahani mtu yeyote anayekuja Amu. Usitie visheti. Usitie tende, usitie samaki mkavu, usimwonee haya mchukuzi. Ikinifikia tupu nitakuwa nimekusikia. Ikija na kitu juu yake nitakila, nitakushukuru, na nitakufa sijui.

Patasi sikuitia kasha lako. Nimeitia mara mbili leo na mara mbili nimeitoa. Nikikupa bila ya kukuuliza nitakuwa nimekupa shauri jingine. Ipo kidakani, nimeipaka mafuta isipate kutu, na siku ukiitaka itakuja kwa mashua ya kwanza.

Mungu akufungulie huko uendako, akuepushe na watu wenye maneno laini, mimi nikiwemo. Radhi yangu unayo. Hiyo haitegemei jibu.

Nasikia viatu vyako kwenye daka, umerudi kutoka kwa shangazi. Naikunja barua. Nitakuuliza kama umeshiba.

Baba yako